Kukubali kwa Kihispania: majibu kwa wanaoanza kujifunza

Swali: Mwalimu alinikosoa niliposema "soy de acuerdo". Kosa liko wapi?

Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": "ser", kinachoeleza mtu au kitu ni nini, na "estar", kinachoeleza hali aliyo nayo au mahali alipo. Kukubaliana huhesabiwa kuwa hali, kwa hiyo sema "estoy de acuerdo", kisha ongeza "contigo" unapozungumza na rafiki, au "con usted" unapozungumza na mtu wa kumpa heshima.

Swali: Niliulizwa "¿No vienes?" nami sikukusudia kwenda. Nikajibu "sí", wakaningoja. Kwa nini?

Hili ningependa kila mwanafunzi alishike mapema, kwa sababu chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe. Kwetu, mtu anayeulizwa "Huji?" akajibu "Ndiyo", mara nyingi anaithibitisha kauli ya aliyemuuliza, yaani haji. "Sí" haifanyi kazi hiyo. Yenyewe husema kwamba tendo litafanyika, hata kama swali limeulizwa kwa kukanusha. Asiyekuja hujibu "no, no voy", na anayekuja hujibu "sí, sí voy". Angalia pia kwamba hapo Mhispania husema "voy", yaani "naenda", mahali ambapo sisi tungesema "nakuja". Katika maandishi usisahau alama juu ya "sí", kwani "si" isiyo na alama maana yake ni "kama" au "ikiwa".

Swali: Nitasemaje "hata mimi"?

Kiswahili hutumia "hata mimi" katika kukubali na katika kukanusha, lakini Kihispania hutenganisha. Mwenzako akisema "me gusta el café", yaani "napenda kahawa", jibu "a mí también". Akisema "no me gusta", jibu "a mí tampoco". "A mí" hutumika pamoja na kitenzi "gustar" (cha kupenda) na vingine vya aina yake. Akisema "trabajo aquí", yaani "nafanya kazi hapa", utajibu "yo también".

Swali: Je, "vale" hutumika kila mahali?

"Vale", ambalo ni kama "sawa" au "haya" yetu, ni neno la kila siku nchini Uhispania. Waargentina hupenda "dale", Wameksiko "órale" au "sale", na Wakolombia "listo". Anayeanza asihangaike kuyakariri yote: "de acuerdo" hueleweka katika nchi hizo zote, na hufaa hata ofisini.