Re: Kumweka mgonjwa mbele, tuanzie wapi?
Mkuu, umeuliza hospitali ya wilaya isiyo na bajeti ianzie wapi. Anzieni na njia anayopita mgonjwa. Mmoja wenu amfuate mgonjwa wa nje tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, aandike dakika anazosubiri na mara anazorudishwa nyuma. Mkikuta muda unapotelea kwenye kutafuta faili, hapo 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano, inafaa sana: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (endeleza). Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza nayo mwaka 2007, kwa mfano uliotoka Sri Lanka.

Ila nakusihi, msiishie kubandika lebo kwenye makabati na mafaili. Mama mjamzito anayesubiri vipimo tangu alfajiri, lebo hazimsaidii! Kila wiki mganga mfawidhi akae na wauguzi, wasome malalamiko, wachague moja walirekebishe.