Alhamisi ya kimbunga

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtu anayemkumbuka Mungu wakati wa shida tu, imani yake ni ya kweli?" Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma: hapana. Sura ya Yunus imewataja wasafiri wa namna hiyo. Dhoruba ikiwazingira chomboni humwomba Mungu kwa moyo safi, akishawavusha wanarudia yao. Nilitaka niishie hapo. Ila sisi wa Mtwara tuna Alhamisi yetu, tarehe 25 Aprili 2019, na hiyo hainipi nafasi ya kujibu haraka.

Pasaka ilikuwa imepita siku nne, Ramadhani inabisha hodi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Kenneth. Mwezi mmoja nyuma kimbunga Idai kilikuwa kimeuvunja mji wa Beira, Msumbiji, kwa hiyo hakuna aliyepuuza. Shule zikafungwa, wa mabondeni tukaambiwa tuhame. Tukambeba bibi, mikeka, sufuria na redio, tukaenda kwa mjomba, upande wa juu.

Ndani tulikuwa watu kumi na tisa. Bibi ana tasbihi yake, ubani unafuka, na ukuta wa pili majirani Wakatoliki wanasali rozari kwa sauti. Mimi nilikuwa nikimtazama kaka. Tangu tukue hakujua msikiti ila siku ya Idi. Usiku ule akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Sala ya haja ni rakaa ngapi?" Nikamwambia mbili. Akaswali mbili, akakaa kidogo, akainuka, akaswali mbili nyingine. Kila upepo ukitikisa bati, anainuka tena. Sikumbuki alilala saa ngapi.

Kimbunga hakikutufika kama tulivyoogopa. Ijumaa, sikukuu ya Muungano, neno lilikuwa moja mji mzima: Mungu amekigeuza. Mama alimwambia kila aliyepita mlangoni. Nami nilisema amina, tena kwa machozi.

Kiligeukia Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Msumbiji. Mama mdogo ameolewa Macomia, na simu yake haikupatikana siku kadhaa. Alipopatikana alisema bati zote zimekwenda, migomba imelala, wao wamejibana chini ya kitanda na watoto wakiomba mpaka kumekucha. "Tuko hai, alhamdulillah. Na nyie dada, kwenu vipi?"

Mama akanyamaza. Lile neno alilolisema tangu Ijumaa halikutoka. Akajibu, "Salama tu, mdogo wangu," akanipa simu mimi. Bibi alikuwa amesikia yote. Akauliza, bila ukali: "Kimegeuzwa kiende kwa nani?" Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, kwetu si ukuta, kila ukoo una watu ng'ambo.

Kaka aliswali Ramadhani ile yote, kisha akaacha. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na barabara ya Dar ikakatika Somanga, alikuwa ndani ya basi. Akanipigia: "Niombee." Nilikasirika. Nilianza kuandika barua hii nikiwa bado na hasira hiyo.

Sasa naona nilimwonea. Usiku ule nilikuwepo, na sijawahi kuona mtu akiswali vile. Kama ile si imani, ya kwangu ya kila siku niiiteje? Mama mdogo naye aliomba kama sisi, paa likaenda, na bado alishukuru. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni ya kweli, angalau kwa saa ile. Simsemei mtu anayelia msikitini leo na kesho anadhulumu korosho za yatima. Huyo ana hesabu yake. Wala sijui kama kaka atarudi.

Ninachoogopa zaidi ni shukrani zetu tuliopona, namna tunavyozitamka aliyepigwa akiwa anasikia. Siku hizi redio ikitangaza upepo mkali, mama humpigia kwanza mdogo wake, huko aliko sasa. Tasbihi anaishika baadaye.