Ukienda kukimbia mlimani hii Julai beba nguo za kusimama nazo

Swali lenye naulizwa sana msimu huu wa baridi ni viatu. Kiatu gani kitashika matope ya Aberdare, kiatu gani hakitelezi ukishuka kwa mianzi, na sikatai, kiatu ni muhimu, lakini mimi huanza na swali lingine: ukiteguka mguu ukiwa mita 3,400, mvua inanyesha, upepo unavuma, na wenzako watachukua masaa manne kukushusha, kwa begi uko na nguo gani? Wengi hunyamaza hapo. Wamejipanga kwa kukimbia, na mlimani baridi humpata mtu akishapunguza mwendo.

Iko hivi. Ukipanda mlima mbio mwili unatoa joto jingi sana, unaeza kuwa na tishati tu kwa nyuzi 8 na usiskie kitu, unatoa jasho hata. Alafu unachoka, ama misuli inakukaza, unaanza kutembea, ile joto inaisha ndani ya dakika chache lakini jasho na mvua zimebaki kwa nguo, na maji hutoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa kavu. Hapo ndio mtu anaanza kuganda na bado anadhani amechoka tu.

Piga hesabu na mimi. Kila mita 1,000 ukipanda hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu hivi. Nairobi tuko karibu mita 1,700, Elephant Hill kule Aberdare ni karibu 3,600, kwa hivyo ile siku ya Julai mawingu yamefunika mji na saa sita mchana ni nyuzi 17, kule juu ni kama 5. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukipiga hapo ngozi inaskia chini ya sufuri, na wewe umelowa. Hiyo ni Elephant Hill, yenye watu hutoka Nairobi alfajiri, wanapitia Flyover hadi Njabini na jioni wako nyumbani. Satima, kilele cha juu zaidi Aberdare, ni mita 4,001. Point Lenana ya Mlima Kenya ni 4,985 na huko barafu ya usiku haingoji mwezi wowote.

Kuna mbio moja huwa naambia kila mtu kabla hatujatoka. Tarehe 22 Mei 2021, mkoa wa Gansu, China, mbio za kilomita 100 za Yellow River Stone Forest, wakimbiaji 172 walianza asubuhi. Wengi walikuwa na kaptula na tishati. Walipokuwa wanapanda mlima hali ya hewa ikageuka, mvua ya barafu na upepo mkali, na watu 21 wakafa kwa baridi. Mmoja wao alikuwa Liang Jing, bingwa wa hizi mbio ndefu, mtu alikuwa fiti kuliko sisi wote. Jaketi la kuzuia upepo halikuwa kwa orodha ya vitu vya lazima. Na mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliokoa watu sita kwa kuwaingiza kwa pango lake, kulikuwa na moto na blanketi. Hebu fikiria hapo, moto, blanketi, na mahali upepo haufiki. Hivyo ndio vitu unafaa kujaribu kubeba kwa begi lako, kwa namna ingine.

Sasa nguo. Pamba iwache nyumbani, yote, hadi soksi na nguo ya ndani, juu ikilowa haikauki na inakukalia baridi kwa mgongo siku mzima. Tafuta poliesta ama sufu ya merino. Bei ya madukani ni kali lakini Gikomba, soko la mitumba, ukienda mapema siku ya kufungua beli unapata kitu kizuri sana, soma lebo ndani kabla hujaanza kubonga bei. Jaketi la mvua ligeuze uangalie mishono, kama imezibwa na tepu kwa ndani hilo ni jaketi la mvua, kama haijazibwa hilo ni la upepo tu na maji yataingia kwa mabega ndani ya nusu saa. Lazima liwe na kofia. Ukifika nyumbani ingia nalo kwa shawa, usingoje mlima ukupe majibu. Wale wa UTMB, mbio ndefu za milimani kule Chamonix, Ufaransa, hawawezi kukuruhusu kuanza bila jaketi la mvua lenye kofia, blanketi la foili (ile nyembamba ya kung'aa ya kushika joto la mwili), filimbi na tochi ya kichwa, na hizo mbio ni za mwisho wa Agosti, kiangazi ya Ulaya. Mimi hutumia orodha yao hata kama naenda Ngong tu.

Kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa weka fulana moja kavu ya mikono mirefu, sweta nyepesi, marvin (kofia ya baridi) na glavu za sufu. Huo mfuko hufungui ukiskia kabaridi kidogo, huo ni wa siku mtu amesimama. Glavu za kukimbia nazo ziwe zingine, na juu yake vaa zile za plastiki za kuoshea vyombo, ni rahisi na zinafanya kazi kuliko glavu nyingi ghali nimewahi kuvaa. Vidole vikiganda hufungui zipu, hufungui chakula, hupigi simu. Simu yenyewe iweke karibu na mwili, baridi inamaliza betri.

Jaketi vaa kabla hujatoka kwa miti. Elephant Hill ukiwa ndani ya mianzi upepo hauskii, ukitokea kule juu wazi unakupiga wote mara moja, na mtu akisema ngoja nifike pale mbele ndio nivae, anafika vidole tayari vimekufa ganzi. Simama mianzi inapoishia, vaa, kula kitu, ndio mwendelee.

Kula kila nusu saa hata kama huskii njaa. Njugu, ndizi, ngwaci, chapati, glukosi, chochote tumbo lako limezoea, juu mwili hauwezi kujipasha joto bila chakula. Na maji pia, kwa baridi watu husahau kukunywa.

Alafu angalianeni. Mwenye anaganda hajijui. Kuna siku tulikuwa juu ya mianzi na rafiki yetu mmoja, mtu wa stori nyingi, akanyamaza. Ukimuuliza anasema niko sawa, lakini alikuwa anajikwaa kwa njia laini na alishindwa kumenya ndizi. Hatukubishana na yeye. Tulimtoa nguo iliyolowa, tukamvalisha kavu na marvin, foili ndani ya jaketi, tukamkalisha juu ya mabegi asiguse ardhi na tukamkinga upepo kwa miili yetu, tukampa chai ya sukari kutoka kwa thamosi. Alikuwa bado anatetemeka, na hiyo ilikuwa afadhali. Tulingoja hadi akaanza kuongea vizuri ndio tukashuka naye polepole.

Mtu akiacha kutetemeka na bado ni baridi, anaongea kama mlevi, hiyo ni hatari kubwa. Mlaze, mfunike, mtoe kwa ardhi, usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, usimlazimishe kunywa, usimtembeze. Pigia askari wa msitu mapema, namba zao chukua pale getini asubuhi.

Mazoezi ya hii yote ni Ngong Hills. Panda matatu ya 111 siku mbaya, siku yenye kila mtu anaahirisha, kimbia hadi kilele cha Lamwia, mita 2,460, alafu simama pale kwa upepo dakika kumi na nguo zote ulizobeba. Kama unateseka hapo, begi lako halijatosha kwenda Aberdare. Nenda na mwenzako na mtu wa kuangalia usalama, na mkubaliane chini saa ya kugeuka, mwenye ako polepole ndio anaamua.

Ukimaliza badilisha nguo kwanza, soksi pia, kabla ya picha na kabla ya stori, juu mwili unaendelea kupoa hata baada ya kusimama na njia ya kurudi town ni ndefu.