Hospitali ya wanyama ikikua, ianze na nini?

Umeuliza hospitali ya wanyama ikishapata wateja wengi ipanue nini kwanza. Kwangu mimi, ianze na chumba cha kuwatenga wagonjwa wa kuambukiza. Kirusi cha parvo, kinacholeta ugonjwa hatari wa kuhara kwa mbwa, hukaa sakafuni na kwenye vyombo kwa miezi, na dawa nyingi za kawaida za kusafishia hazikiui. Mtoto wa mbwa aliyeletwa kuchanjwa tu anaweza kuondoka nacho! Klorini hukiua, lakini sharti uchafu uoshwe kwanza.

Kisha wahudumu wa usiku, maana mnyama aliyetoka kupasuliwa haachwi peke yake hadi asubuhi. Eksirei na maabara vifuate.

Ila dhamira ya hospitali huonekana zaidi nje ya geti lake. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo kabla ya kufungua tawi la pili, ningetenga fedha za kampeni ya chanjo kila mwaka, bure kwa wasioweza kulipa.