Usilipie hiyo tiketi Ijumaa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili moyo ulinienda mbio. Umeuliza mambo mengi: uache kazi au uombe likizo bila malipo, akiba ya miezi kumi iwe kiasi gani, bima gani ukate, uanzie nchi ipi, na ukirudi utamweleza nini mwajiri mpya kuhusu mwaka mzima usiokuwa kazini. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba utaingia Ulaya kwa visa ya utalii, kwamba kuna hosteli imekubali kukupokea miezi minne, utawasaidia saa tano kwa siku nao wakupe kitanda na chakula, na kwamba tiketi unalipia Ijumaa.

Usilipie.

Maneno hayo ndiyo niliyowaambia rafiki zangu mwaka ule nilioondoka. "Nitawasaidia, watanipa kitanda na chakula." Nilikuwa nimeacha kazi ya miaka sita, nimekusanya akiba kwa miaka mitatu, nimeuza kitanda, meza na friji. Nilirudi kabla hata sijalala usiku mmoja kule nilikokwenda.

Kwangu haikuwa hosteli, lilikuwa shamba la farasi. Mwenyeji tulipatana kwa ujumbe wa simu, mtu mwema kabisa, hadi leo sina ugomvi naye. Visa nilipata, ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya unazoziingia kwa visa moja, ya matembezi, siku 90. Kabla ya kuomba nilimlipa mtu aliyejiita mshauri wa safari, nikamuuliza waziwazi: hii kazi ya shambani haitaniletea shida? Akanijibu, nayakumbuka maneno yake kama yalivyo: "Kujitolea si kazi. Hulipwi hela, kwa hiyo hufanyi kazi. Ukiulizwa mpakani, sema unatembea." Nilimuuliza tena siku nyingine, akaniona mwoga. Basi nikanyamaza, nikanunua buti za mpira na glavu.

Uwanjani nilifika asubuhi. Afisa wa uhamiaji aliuliza ya kawaida: unakwenda wapi, utakaa siku ngapi, utalala wapi. Nikampa karatasi ya hoteli ya siku nne. Akaitazama, akaitazama visa, akaniuliza mbona visa ni ya siku 90 na hoteli ni ya siku nne. Nikasema nitakuwa natembeatembea. Miji gani? Nikataja miwili, wa tatu ukanipotea. Akanipeleka pembeni, begi likafunguliwa. Buti zilikuwa juu kabisa, mpya, soli hazijagusa udongo, glavu bado zina lebo. Akaniomba nifungue simu. Nikafungua, kwa sababu nilijua moyoni kwamba mimi si mhalifu.

Ujumbe wa mwisho kutoka kwa mwenyeji ulisomeka: "Jumatatu saa moja asubuhi tunaanza na mazizi. Usisahau buti." Yule afisa hakunipandishia sauti hata kidogo. Aliigeuza simu nione mwenyewe, akaweka kidole chini ya neno "tunaanza", akaniuliza: "Usipofika wewe, nani atasafisha hayo mazizi?"

Nilifungua mdomo nikakosa la kusema. Jibu lenyewe lilikuwa rahisi: wangemwajiri mtu, wakamlipa mshahara.

Shika hapo, maana ndipo kisa chote kilipo. Kila nchi inalinda soko lake la ajira, na nyingi haziulizi kama umepewa noti mkononi. Zinauliza kama unatoa jasho mahali ambapo mtu mwingine angeajiriwa, na kama unapata kitu badala yake. Kitanda ni kitu. Chakula ni kitu. Uingereza, kwa mfano, mgeni mwenye visa ya matembezi anaruhusiwa kujitolea, lakini kwa jumla ya siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Hosteli inayouza vitanda si shirika la hisani, hata wenye nayo wawe wakarimu vipi. Unaweza kuuita msaada, unaweza kuuita kubadilishana utamaduni, afisa ataangalia ratiba yako ya saa tano kwa siku.

Nilikaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki karibu saa saba. Wakaniletea fomu. Fomu ya kukataliwa kuingia Schengen ina sababu zilizopangwa kwa herufi, kuanzia A, na yangu iliwekwa alama kwenye E: huna nyaraka zinazothibitisha kusudi na masharti ya kukaa kwako. Visa ikafutwa. Kisha wakanigongea muhuri wa kuingia, na juu ya muhuri huo huo wakachora msalaba kwa wino mweusi usiofutika, pembeni kulia wakaandika ile herufi. Nilikuwa nautazama mkono wa mtu ukichora mistari miwili kwenye pasi yangu, nikajua miaka mitatu ya kujinyima imekwenda. Ndege ya shirika lile lile lililonileta ndiyo iliyonirudisha. Pasi alikabidhiwa mhudumu wa ndege, mimi nikapewa tulipotua.

Hela zilizopotea niliziuguza nikapona. Tiketi za mbele, ada za yule mshauri, bima, vitu nilivyouza kwa bei ya kutupa. Kazi nayo ilikuwa imeshapata mtu. Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni swali moja linalonifuata hadi leo. Fungua fomu ya visa ya Uingereza au ya Kanada, utalikuta: umewahi kunyimwa visa, kukataliwa kuingia au kuamriwa kuondoka katika nchi yoyote? Nchi yoyote, si yao peke yao. Kila safari naandika ndiyo, naambatanisha maelezo ya ukurasa mzima, nasubiri muda mrefu kuliko wenzangu, na mara mbili nimenyimwa. Na usithubutu kuandika hapana. Kanada ikikukamata umedanganya kwenye maombi inakufungia miaka 5, na Uingereza inaweza kukufungia hadi 10.

Wakati wangu ilikuwa mihuri na wino. Tangu Oktoba 2025 Schengen wameanza mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, unachukua alama za vidole na picha ya uso, na rekodi ya kukataliwa inakaa humo miaka 3. Maombi yako ya visa yenyewe yana hifadhi yake nyingine, miaka 5. Kwa hiyo habari za kubadilisha pasi ili ukurasa mchafu upotee, wanaokwambia hivyo wanakudanganya.

Niliporudi nilimpigia simu yule mshauri. Unajua alisema nini? "Hukujibu vizuri." Yaani kosa ni langu, nimeshindwa kusema uongo kwa ufasaha! Alichukua ada, akaniandalia karatasi ya hoteli ya siku nne, akanituma nikasimame mbele ya afisa wa serikali nikiwa na hadithi isiyo na miguu, na hakuwa na cha kupoteza hata kimoja. Bado yupo, bado anashauri, na hasira yangu juu yake haijapoa. Wengine ni hawa wanaorekodi video. Wanakuonyesha farasi, machweo, kikombe cha kahawa dirishani. Hawakuonyeshi waliingia kwa pasi ya nchi gani. Mtu mwenye pasi ya Ujerumani anayefanya kazi shambani Ureno hahitaji ruhusa ya mtu, ni haki yake kama raia wa Umoja wa Ulaya. Wewe ukimwiga unaiga mtu aliyesimama kwenye ardhi nyingine kabisa.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: unachokwenda kufanya na kilichoandikwa kwenye visa viwe kitu kimoja. Kama unakwenda kutembea, visa ya matembezi. Kama utashika ufagio, visa iseme hivyo, na iwe imeshabandikwa kwenye pasi kabla hujalipia tiketi na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Hapo umepata na jibu la swali lako la kwanza: omba likizo bila malipo, kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudi na sahihi ya bosi. Mimi nilipewa nafasi hiyo nikaikataa kwa sababu nilitaka kuondoka kwa kishindo.

Njia halali zipo, ila kila moja ina mlango wake. Utasikia sana habari za visa ya likizo na kazi ya Australia. Ziko mbili, namba 417 na 462, za vijana wa miaka 18 hadi 30, na kwa pasi chache hadi 35. Ni visa nzuri, ukifanya siku 88 za kazi walizozitaja, kama za mashambani, unaweza kuomba mwaka wa pili. Lakini inatolewa kwa orodha ya nchi zilizokubaliana nao, na katika orodha zote mbili hakuna nchi hata moja ya Afrika. Mtu akikuuzia ndoto hiyo, mwambie akuonyeshe jina la nchi yako kwenye orodha kwanza. Ujerumani kuna mpango wa kuishi na familia ukilea watoto na kujifunza lugha, unaingia kabla hujatimiza miaka 27. Marekani wana visa ya J-1 ya kazi za msimu, hiyo ni ya wanafunzi wa chuo, mwisho miezi minne. Na kama kazi yako unaweza kuifanya kwa kompyuta ukiwa popote, hapo mambo yamefunguka: Estonia walianza visa ya wafanyakazi wa namna hiyo mwaka 2020, na Morisi wana ya mwaka mzima, wanataka uonyeshe kipato cha dola 1,500 kwa mwezi kinachotoka nje ya nchi yao. Umesema unafanya uhasibu. Kabla ya kukimbilia kufua mashuka ya hosteli, muulize bosi wako kama vitabu vya hesabu unaweza kuvifunga ukiwa mbali.

Halafu hiyo miezi minne yako Ulaya, hata kwa matembezi matupu, haipo. Ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na zinahesabiwa kwa kurudi nyuma kuanzia siku uliyopo. Kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Hispania hakuanzishi hesabu upya, zote ni Schengen. Nimeona mtu mzima, msomi, akiamini kwamba akitoka wikendi moja akarudi anapata 90 mpya.

Bima nayo inarudi pale pale. Ile inayotakiwa kwa visa ya Schengen ni ya kuanzia euro 30,000, na utaikata bila shida. Soma maandishi madogo: bima nyingi za watalii hazigusi kazi za mikono. Ukianguka kwenye ngazi ukibadilisha taa ya ile hosteli, kampuni itauliza ulikuwa unafanya nini juu ya ngazi, na hapo utakuwa na maswali mawili ya kujibu kwa siku moja, la bima na la uhamiaji, ukiwa na mguu uliovunjika.

Sasa fanya hivi, leo, usingoje Ijumaa. Waandikie wa hosteli swali moja: je, mtanipa barua inayoeleza kazi nitakayofanya na saa zake, niipeleke ubalozini kuombea visa inayostahili? Wakikubali, nenda na barua hiyo ubalozini, uliza wanaiita visa gani na inachukua muda gani, ndipo upange tarehe. Wakikujibu, "Hakuna haja, waambie unatembelea marafiki," weka jibu lao hapa tulione. Buti zangu ninazo bado, ziko ndani ya boksi lake. Kama namba yako ni 42 na visa imetoka ikiwa na neno kazi, nitakutumia.