Fedha za kulinda bahari zikija na sharti la riba

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh wetu. Sisi ni akina mama kumi na wanne wa Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tunalima mwani, na kwa miaka mitatu sasa tunausaga unga na kutengeneza sabuni. Amekuja mwakilishi wa mfuko mmoja wa nje unaotia mitaji katika kampuni changa zinazolinda mazingira. Wako tayari kutoa shilingi milioni 90 na wachukue thuluthi moja ya kampuni yetu. Lakini rasimu ya mkataba inasema milioni 30 za mwanzo zitakuja kama mkopo wa asilimia 8 kwa mwaka, kisha zigeuzwe hisa. Inasema pia kwamba kampuni ikifungwa, wao warejeshewe kwanza fedha zao zote, na baada ya miaka saba sisi tuzinunue hisa zao. Vijana wetu wanasema hapa hakuna riba kwa sababu hizi ni fedha za kulinda bahari. Mwenzetu mmoja amekataa kabisa, anasema fedha za wasiokuwa Waislamu hazina baraka. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Nianze na huyo mwenzenu aliyekataa. Kukataa kwake kumetokana na khofu ya Mungu, kwa hiyo msimbeze. Hata hivyo hoja aliyoitoa haisimami. Mtume (S.A.W.) alipoifungua Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, aliwaachia Mayahudi wa huko mashamba na mitende waishughulikie kwa makubaliano ya nusu ya mavuno. Bi Aisha (R.A.) naye amesimulia kwamba Mtume alifariki na deraya yake, vazi lake la vita, iko rehani kwa Myahudi kwa sababu ya shayiri. Dini ya mwenye mali, basi, haizuii biashara. Na kama mna wasiwasi kwamba mfuko umekusanya fedha za watu wengi, halali na haramu zimechanganyika, wanazuoni wameruhusu kufanya muamala na mwenye mali ya namna hiyo, maadamu hamjui kuwa fedha hizohizo mnazopewa ni za haramu. Penye tatizo ni ndani ya karatasi mliyoletewa, si mfukoni mwa aliyeileta.

Tena nataka mjue kwamba biashara hii ya kutia mtaji katika kampuni changa, kwa asili yake, iko karibu na sheria yetu kuliko mkopo wa benki. Wenye mali humkabidhi msimamizi wa mfuko fedha zao kwa muda, mara nyingi miaka kama kumi. Yeye huzitia katika kampuni nyingi akijua kuwa baadhi zitakufa, nyingine zitajikongoja, na chache zitapata faida ya kufidia zote. Akifanikiwa, kwa kawaida yeye huchukua khumusi ya faida, yaani sehemu moja katika tano, na nne zilizobaki huenda kwa wenye mali. Mwanafunzi wa fiqhi, elimu ya sheria za dini, akisikia hayo atakumbuka qiradhi: mmoja anatoa rasilmali, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa sehemu waliyokubaliana. Bi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume mali yake akaenda kuifanyia biashara Sham kabla ya utume. Atiaye mali yake akakubali kwamba inaweza kupotea, faida yake ina haki.

Kwenu ninyi, hata hivyo, qiradhi siyo mlango. Katika madhehebu yetu ya Shafii qiradhi ni ya kununua na kuuza tu. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, ameeleza kwamba mtu akipewa mali kwa qiradhi ili anunue ngano, aisage na aioke mikate, mkataba huo umefisidika. Kusaga mwani na kupika sabuni ni jambo lilelile. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wana nafasi pana zaidi hapo, lakini hamna haja ya kwenda mbali, kwa sababu nyinyi pia mna mali ndani ya kampuni: mashine, chanja za kuanikia, akiba ya mwani, wateja. Mkataba unaokufaeni ni sharika, ubia wa kila upande kuweka mali. Katika sharika, faida na khasara kwa Shafii hufuata kiasi cha mali. Wahanafi na Wahanbali wanaruhusu faida igawanywe vyengine kwa makubaliano. Ama khasara, wote wamesema inafuata mali ya kila mmoja, haihamishwi.

Sasa litazameni lile sharti la kurejeshewa kwanza. Tuseme kampuni imefungwa, madeni yamelipwa, na zimebaki milioni 90. Kwa rasimu yao watazichukua zote, na nyinyi kumi na wanne mtarudi nyumbani na kamba zenu. Kwa sheria ya Kiislamu wao wenye thuluthi watapata milioni 30, na nyinyi milioni 60. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, imetamka wazi kwamba haijuzu kutoa hisa zinazomdhaminia mwenyewe rasilmali yake, wala zinazomtanguliza mbele ya wenzake wakati wa kufunga hesabu. Msingi wake ni kauli ya Mtume (S.A.W.) kwamba faida hufuata dhamana: anayebeba uwezekano wa khasara ndiye anayestahiki faida.

Na khasara yenyewe, mama zangu, si ya kudhania. Nyinyi mnaijua kuliko mimi. Ule mwani mnene, kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukioza kwenye maji mafupi bahari ikipata joto. Unaingia asubuhi maji yakiwa yamekupwa, unaishika kamba, unakuta vipande vimegeuka vyeupe, laini, vinakatikia mkononi. Joto hilo hamkulileta nyinyi. Mfuko unaokuja kwa jina la mazingira unajua fika kwamba bahari inabadilika, tena ndiyo sababu uliyoitaja ya kuja Pemba. Vipi basi uandike kwamba bahari ikichemka, atakayeungua ni mlimaji peke yake? Sharti hili ndilo linalonikera zaidi katika rasimu yote.

Si kwamba mwekezaji asijilinde. Anaweza kutaka kuona daftari la hesabu kila mwezi, kuwa na mtu wake katika bodi, hata mashine isiuzwe bila ridhaa yake. Na muandike kwamba khasara ikitokana na khiana au uzembe wenu, mtadhamini nyinyi. Hayo yote yanajuzu, na mtu mwenye nia njema yatamtosha.

Kuhusu milioni 30 za mkopo, sina maneno mengi. Asilimia 8 ni milioni 2 na laki 4 kila mwaka, mwani uote au usiote. Hiyo ni riba, na Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara akaharamisha riba (2:275). Kugeuzwa hisa baadaye hakuifuti ile nyongeza iliyohesabiwa, kwa sababu hata hizo hisa watapewa kwa hesabu ya deni pamoja na riba yake. Vijana wenu nawaelewa, wana uchungu na bahari, lakini makusudio mema hayahalalishi njia ya haramu. Ingekuwa hivyo, mtu angekopesha kwa riba akajenga msikiti. Semeni tu kwamba milioni zote 90 ziingie kama hisa tangu siku ya kwanza, kwa bei mliyokubaliana. Wakitaka kuzileta kwa awamu, walete, na kila awamu ipate hisa zake siku inapoingia.

Kununua hisa zao baada ya miaka saba si vibaya kwa asili yake. Mfuko una muda, lazima utoke. Bei ndiyo ya kuangaliwa. Mkiahidi kununua kwa thamani ya siku hiyo, iwe imepanda au imeshuka, inajuzu. Mkiahidi kuwarejeshea milioni 90 zao, au zaidi kidogo kwa kiwango kilichopangwa leo, mmeirudisha ile dhamana ya rasilmali kwa mlango wa nyuma.

Kuna jambo hamkuniuliza nami sitaliacha. Mtatia saini kwamba biashara yenu inalinda mazingira. Je, ni kweli?

Nimekulia pwani, na nilikuwa nikimbebea mama yangu magunia hadi kwenye mizani. Siku moja mnunuzi alilimwaga gunia la mtu mbele yetu. Juu mwani mkavu, unavunjika ukiushika. Chini mbichi, mzito kwa maji ya chumvi, umechanganywa na mchanga. Msimu ule kijiji kizima tulipunguziwa bei. Kila nikisoma hadithi ya Abu Huraira (R.A.) nalikumbuka gunia lile. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikaguswa na umajimaji. Akauliza, nini hiki? Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia, mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi.

Basi wekeni kilicholowa juu. Mambo, vile vigingi vya kufungia kamba mnavyovichomeka mchangani, yamekatwa wapi? Kama ni mikoko ya Micheweni, semeni. Tai-tai za plastiki mnazofungia mbegu, zikikatika huenda wapi? Majani ya bahari mliyoyang'oa ili kusafisha shamba yalikuwa malisho ya samaki. Sabuni mnaipikia kuni za mti gani? Mwambieni mwekezaji haya yote, na muombe sehemu ya mtaji iende kuyarekebisha. Mtu wa Pemba hapaswi kuona jambo hili geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kisiwa chetu cha Misali kilipokuwa kinahifadhiwa, walimu wa dini walikaa na wavuvi wakazungumza nao kuhusu amana tuliyopewa na Mola wetu katika viumbe vyake. Wazee wetu husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala wa kusalia wakawa hawana, kisiwa chenyewe kikawa msala wake. Wavuvi walielewa kwa lugha hiyo, maana ni lugha yao. Qur'ani nayo imekwishasema kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu (30:41).

Angalieni pia rasimu isije ikaipa kampuni haki ya kuzuia wengine pwani. Maji tunashirikiana, kama alivyosema Mtume (S.A.W.), na mama anayeokota chaza wakati wa bamvua hakuuza haki yake kwa mtu.

Mwisho ni uandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni (2:282), na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Takeni mkataba mzima kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote kumi na wanne, kifungu kwa kifungu, na yule aliyekataa awepo. Asiyejua kusoma aulize mpaka aelewe. Kisha mwanasheria auangalie, awahakikishie kuwa nakala ya Kiingereza inasema vilevile. Mfuko ukikubali masharti haya, pokeeni kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ukikataa, mashine ndogo mliyonayo bado ni yenu na haidaiwi na mtu. Rasimu mpya ikitoka nileteeni niisome kabla hamjatia saini, na mnieleze vile vigingi mnavitoa wapi.

Wallahu aalam.