Kabla hujafunga begi la hija: maneno ya mgumu wa zamani

Yale mabuti ya mlimani yaache nyumbani. Najua utabisha, maana hata mimi nilibisha. Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu na Machame, miaka sita (sisi wapagazi huitwa wagumu) kabla sijapata leseni ya kuongoza, kwa hiyo mgeni wangu mmoja wa zamani aliponilipia tiketi tukatembee Njia ya Mtakatifu Yakobo kule Uhispania, nilicheka kimoyomoyo. Sehemu ya juu kabisa ya njia ile ni kama mita 1,500 tu. Lango la Marangu lenyewe, pale tunapojiandikisha kabla hata ya kuanza kupanda, liko juu zaidi ya hapo.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa kando ya barabara, soksi mkononi, nikitazama malengelenge matatu yaliyotuna kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Wenzangu walilala Puente la Reina, kilomita kama 24 kutoka Pamplona. Mimi nilikuwa nimepitiliza, eti mtoto wa Kilimanjaro hachoki. Bibi mmoja wa Kikorea akanipita na fimbo zake mbili, tak tak, wala hakugeuka.

Sasa vijana wa parokiani wananiuliza, na wawili tayari wanahangaikia viza, kwa hiyo nawaandikia.

Wengi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, wakavuka milima ya Pirenei na kwenda hadi Santiago de Compostela, kwenye kanisa kuu ambako inaaminika ndipo lilipo kaburi la Mtume Yakobo. Ni karibu kilomita 780. Asiye na siku nyingi huanzia Sarria, kilomita kama 115, kwa kuwa cheti cha hija hupewa aliyetembea angalau kilomita 100. Unachukua kijitabu cha hujaji, kinagongwa muhuri kila unapolala, na ndicho kinachokufungulia hosteli za mahujaji. Kupotea ni kazi: mishale ya njano imechorwa kwenye kuta, mawe na nguzo. Aliyeanza kuichora, miaka ya 1980, ni padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña. Yule padri nimemwombea njiani kuliko watakatifu wengi ninaowajua kwa majina.

Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Hili kwa mgumu ni gumu kweli. Aliyezoea kilo 20 huona kilo saba ni kuaibishwa. Mimi niliona aibu hiyo, nikaanza kuwabebea watu. Mama analalamika bega, nachukua begi lake. Kijana amechechemea, namkatia vijiti vya kutembelea. Jioni nasimama mlangoni mwa hosteli nahesabu vichwa, kana kwamba kuna ofisi itaniuliza. Mgeni wangu akanitazama, akasema, "Hapa huna kundi." Nilinuna hadi asubuhi.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Mlimani mwongozaji hana muda wa kujitazama. Anatazama midomo ya wageni kama imebadilika rangi, anauliza nani amekula, nani kichwa kinamgonga. Ni kazi ya heshima, lakini unaweza kujificha ndani yake miaka na miaka, na mimi nilijificha.

Baada ya Burgos kuna nyanda za ngano wanaziita Meseta, karibu kilomita 200 mpaka León. Tambarare, kivuli cha kutafuta, kijiji unakiona saa nzima kabla hujakifikia. Wengine huiruka kwa basi. Wewe usiiruke. Siku ya kwanza na ya pili nilisali rozari, na kila nikifika fumbo la tatu najikuta nawaza deni la pikipiki. Siku ya tatu sikusali chochote, nilisikia viatu vyangu tu kwenye changarawe. Ndipo akaja kaka yangu. Sikuota, ilinijia sauti yake siku ile tulipogombana kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, ikafuata na yangu, ambayo kwa miaka minne nilikuwa naisimulia kuwa ya upole kuliko ilivyokuwa.

Mbele zaidi, pale juu kabisa, kuna Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma kwenye mlingoti mrefu. Chini yake ni kichuguu cha mawe ambayo mahujaji wameyaleta kutoka kwao. Langu nililiokota Mto Karanga. Nililiweka, nikasubiri moyo uwe mwepesi, kama nilivyokuwa nimesimuliwa. Wapi! Watu wanalia kulia na kushoto, mimi nakodolea macho jiwe langu jeusi katikati ya mawe yao, na kinachonijia kichwani ni jani la isale. Wachaga wenzangu mnaelewa. Isale hupelekewa yule uliyemkosea, kumwomba msamaha, na mtu huyo alikuwa Kibosho.

Nilirudi, nikamtafuta mzee wa ukoo, tukaenda na isale. Kaka alilipokea. Kuhusu mpaka bado tunabishana, ila siku hizi tunabishana tumekaa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, iko katikati yetu.

Kwa mazoezi huhitaji kupanda hadi kituo cha Mandara kule mlimani. Pakia zile kilo saba, toka Moshi mjini alfajiri, pitia Old Moshi na Kirua mpaka Kilema, kwenye misheni waliyoianzisha Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1890. Yale makorongo yatakuonyesha magoti yako yana hali gani. Nenda peke yako, simu umeizima, urudi kwa daladala. Fanya hivyo Jumamosi nne. Kiatu kikikutoa malengelenge hapo, kibadilishe mapema, dukani huko Ulaya utalia na bei. Na ukikuta mama anapanda korongo na mkungu wa ndizi kichwani, huyo mpokee.